Dawa za Kupunguza Uzito, Mlo na Mazoezi: Namna ya Kupima Kipi Kimfae Mgonjwa

Utangulizi

Kimamba ni mji mdogo wa wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, uliokua kandokando ya Reli ya Kati katikati ya mashamba ya mkonge. Kwa vizazi kadhaa uzito wa mwili haukuwa jambo la kumpeleka mkazi wake kwa tabibu. Kukata mkonge, kulima kwa jembe la mkono, kuteka maji na kwenda kwa miguu vilitumia nguvu yote iliyoletwa na sahani ya ugali. Leo, katika mji huohuo, mkulima wa mahindi bado anafanya kazi hizo, lakini jirani yake ni mfanyabiashara wa sokoni anayekaa kitako tangu alfajiri, dereva wa bodaboda ambaye miguu yake hupumzika kutwa nzima, au mtumishi wa ofisini. Wanapofika kliniki wote huambiwa maneno yaleyale: punguza kula, fanya mazoezi. Na wote, kwa redio au kwa simu, wamekwisha kusikia kwamba ipo sindano ya mara moja kwa wiki inayoondoa kilo nyingi.

Hapo ndipo swali huzaliwa: je, dawa ni bora kuliko mlo na mazoezi? Makala hii inaonyesha kwamba swali likiulizwa hivyo halijibiki vizuri, kwa sababu mara nyingi dozi kamili ya dawa hulinganishwa na nusu kijiko cha ushauri. Kila tiba ipimwe kwa dozi yake kamili, kisha iulizwe ipi kati yake mgonjwa huyu, katika mji huu, anaweza kuiendeleza kwa miaka.

Ukubwa wa tatizo

Uzito hupimwa kwa kugawanya kilo za mwili kwa mraba wa urefu katika mita. Matokeo ya 25 hadi chini ya 30 huitwa uzito uliozidi. 30 na kuendelea huitwa kiribatumbo. Mzingo wa kiuno huongeza taarifa muhimu, kwa kuwa mafuta yaliyozunguka viungo vya tumboni yana madhara makubwa kuliko yale ya mapajani na makalioni. Hatari huanza kupanda kiuno kinapofikia sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume.

Tafiti za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto zinaonyesha mwelekeo ulio wazi. Miongoni mwa wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, waliokuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa asilimia 18 mwaka 2004–05, asilimia 22 mwaka 2010, na asilimia 28 mwaka 2015–16. Hali hii huambatana na kisukari aina ya pili, shinikizo la juu la damu, maumivu ya magoti, kukoroma kunakokatiza pumzi usingizini, na baadhi ya saratani.

Mkoa wa Morogoro wenyewe umetoa ushahidi wa namna uzito unavyopanda. Watafiti waliwafuatilia watu wa vijijini mkoani humo waliokuwa wakijiandaa kuhamia Dar es Salaam, wakawapima kabla ya kuondoka na baada ya kuhamia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kati ya watu 132 waliofuatiliwa hadi miezi 12, wanaume waliofanya kazi au shughuli za nguvu walishuka kutoka asilimia 79.4 hadi 26.5, na wanawake kutoka asilimia 37.8 hadi 15.6. Katika mwaka huohuo mmoja uzito uliongezeka kwa wastani wa kilo 2.3 hivi kwa jinsia zote mbili. Watu hao hawakubadilika tabia kwa uvivu. Jembe lilibaki kijijini, na maisha mapya hayakuwa na kitu cha kuchukua nafasi yake.

Utafiti huo una funzo kwa Kimamba. Mtu hahitaji kupanda gari kwenda Dar es Salaam ili ahame kutoka maisha ya jembe. Anaweza kuhama kwa kufungua genge, kwa kununua pikipiki, au kwa kuacha shamba kwa sababu ya umri. Kwa hiyo swali la kwanza la mtoa huduma lisiwe «Unafanya mazoezi?» bali «Kazi yako ya kutwa ni ipi, na ilikuwa ipi miaka mitano iliyopita?» Kumwambia mama anayepalilia shamba tangu asubuhi hadi adhuhuri wakati wa masika kwamba afanye mazoezi ni kumdharau, kwake yeye tatizo, kama lipo, liko kwenye chungu au kwenye miezi ya baada ya mavuno. Kumwambia hivyo muuza nguo sokoni ni sahihi, mradi aelezwe afanye nini, lini na wapi.

Kwa nini mwili hung'ang'ania uzito

Mwili wa binadamu umeumbwa kuogopa njaa kuliko shibe. Mtu anapopungua, seli za mafuta hutoa kwa uchache homoni ya leptini, inayouambia ubongo kwamba akiba inatosha. Tumbo nalo huongeza homoni ya ghrelini, inayochochea njaa. Wakati huohuo mwili hupunguza matumizi yake ya nguvu. Matokeo yake, aliyepungua kilo nane husikia njaa zaidi kuliko alivyosikia kabla ya kuanza, huku akihitaji chakula kidogo zaidi. Hali hii huweza kuendelea kwa muda mrefu.

Maelezo haya yana umuhimu wa kitabibu na wa kiutu. Mgonjwa aliyepungua kisha akarudi palepale mara nyingi huonwa kuwa mlafi au mwongo, naye hujiona hivyo, akaacha kuja kliniki. Anapoacha kuja, shinikizo lake la damu halipimwi tena na sukari yake haijulikani. Lawama haijawahi kumpunguza mtu uzito; imewahi kuwapoteza wagonjwa.

Dozi kamili ya mlo na mazoezi

Utafiti wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa mwaka 2002, uliwahusisha watu 3,234 waliokuwa na sukari iliyopanda bila kufikia kiwango cha kisukari. Kundi moja lilipewa malengo mawili: kupunguza asilimia 7 ya uzito, na kutembea kwa kasi au kufanya shughuli ya kiwango hicho kwa dakika 150 kila wiki. Kundi la pili lilipewa metformini, na la tatu vidonge visivyo na dawa. Kwa wastani wa karibu miaka mitatu, mlo na mazoezi vilipunguza kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58. Metformini ilipunguza kwa asilimia 31.

Takwimu hizo hunukuliwa mara nyingi, lakini kilicholeta matokeo hayo husahaulika. Kila mshiriki wa kundi la mlo na mazoezi alikuwa na mshauri wake, na alifundishwa masomo 16 katika miezi sita ya mwanzo, kisha akaendelea kufuatiliwa. Hiyo ndiyo dozi. Sentensi moja inayotamkwa huku mgonjwa akiinuka kwenye kiti si dozi hiyo, na ikishindwa isisemwe kwamba mlo na mazoezi vimeshindwa. Havikutolewa.

Mgawanyo wa kazi kati ya mlo na mazoezi nao hauna budi kueleweka. Mtu wa kilo 86 akitembea kwa kasi nusu saa hutumia takriban kilokalori 150. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na sukari ya takriban gramu 37, nayo hurudisha kiasi hichohicho kwa dakika chache. Ndiyo maana kilo hupungua zaidi kwa mlo kuliko kwa mazoezi peke yake. Mazoezi yana kazi nyingine: hulinda misuli, hushusha sukari na shinikizo la damu, huboresha usingizi, na humsaidia aliyepungua asirudi alikotoka. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, pamoja na shughuli za kuimarisha misuli angalau siku mbili.

Dozi kamili ya dawa

Dawa za kupunguza uzito zinazotambuliwa kitabibu ni chache. Olistati hufanya kazi utumboni kwa kuzuia takriban asilimia 30 ya mafuta ya chakula yasifyonzwe. Upungufu wa uzito unaotokana nayo ni wa kiasi, na anayekula mafuta mengi huku akiitumia hupata choo cha mafuta kisichozuilika. Metformini ni dawa ya kisukari; hupunguza uzito kidogo tu, na isitolewe kwa jina la dawa ya kupunguza mwili.

Kundi lililobadilisha mjadala ni la sindano zinazoiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1. Huongeza hisia ya shibe, hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula, na huusaidia mwili kutoa insulini sukari inapopanda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, watu 1,961 wasio na kisukari walifuatiliwa kwa wiki 68. Waliopata semaglutaidi miligramu 2.4 kwa wiki walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9, waliopata sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Mwaka 2022 tirzepataidi, ambayo huiga homoni mbili, ilipunguza kwa dozi yake ya juu wastani wa asilimia 20.9 katika wiki 72. Mwaka 2023 utafiti wa watu 17,604 waliokuwa na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya damu pamoja na uzito uliozidi, bila kisukari, ulionyesha kwamba semaglutaidi ilipunguza kwa asilimia 20 vifo vya magonjwa hayo, mshtuko wa moyo na kiharusi vikijumlishwa.

Kwa kilo pekee, basi, dawa hizi zina nguvu kuliko ushauri, na hakuna faida ya kulificha hilo. Lakini mambo matatu huandamana nazo.

Kwanza, makundi yote mawili ya utafiti wa 2021 yalipewa pia ushauri wa mlo na mazoezi. Dawa haikuchukua nafasi ya mlo. Iliwezesha mlo ufuatwe. Sehemu ya uzito unaopotea huwa ni misuli, na bila protini ya kutosha na mazoezi ya nguvu mgonjwa hupungua akidhoofika.

Pili, dawa ikiachwa, uzito hurudi. Washiriki wa utafiti huohuo waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano walirudisha takriban theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Kwa hiyo dawa hii ifikiriwe kama dawa ya shinikizo la damu, ya kutumiwa kwa miaka, wala si kama dozi ya malaria.

Tatu, ina madhara na makatazo. Kichefuchefu, kutapika, kuharisha na kufunga choo ni vya kawaida, hasa dozi inapopandishwa. Mawe ya kibofu cha nyongo na uvimbe wa kongosho hutokea kwa wachache. Haifai kwa mjamzito, na semaglutaidi iachwe angalau miezi miwili kabla ya kushika mimba. Asipewe mtu aliyewahi kuugua yeye au ndugu yake wa damu saratani ya tezi shingo ya aina ya medula. Anayetumia insulini au glibenklamidi huweza kushukwa sukari ghafla asipopunguziwa dozi. Tirzepataidi hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Mwanamke atumie njia nyingine kwa wiki nne baada ya kuanza na baada ya kila dozi kupandishwa.

Kupima kwa mfano wa Kimamba

Mfano ufuatao ni wa kufundishia. Chukuliwe mama wa miaka 46, mwenye genge karibu na stesheni, urefu mita 1.58 na uzito kilo 86. Uwiano wake ni 34.4. Kiuno ni sentimita 104, shinikizo la damu 148/94, na sukari kabla ya kula ni 6.4. Hana ugonjwa wa moyo unaojulikana. Anauliza kuhusu sindano.

Mtoa huduma aanze na malengo. Asilimia 7 ya kilo 86 ni kilo 6. Mgonjwa wengi hufika wakiwa na ndoto ya kilo thelathini. Wakijua kwamba kilo sita zinaweza kuwaepusha na kisukari, mlima hugeuka kilima. Kisha siku yake ichunguzwe. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, pamoja na soda moja ya mchana, hufanya takriban gramu 73 za sukari, sawa na kilokalori 290. Kwa hesabu ya karatasi, kuziondoa kwa mwezi mmoja ni sawa na kilo moja na ushei ya mafuta, ingawa mwili utapunguza kasi hiyo kadiri miezi inavyokwenda. Maandazi mawili ya asubuhi yakibadilishwa kwa kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha, mafuta ya kukaangia hupungua. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kilokalori 120 hivi, na mboga nyingi huungwa kwa kumimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa.

Hapahitajiki chakula cha dukani cha bei kubwa. Mbaazi, kunde, maharage, mchicha, matembele na kisamvu vinapatikana katika masoko ya Kilosa. Dona hushibisha kwa muda mrefu kuliko sembe kwa sababu ina nyuzinyuzi. Kinachobadilika ni mgao wa sahani: mboga nusu, protini robo, ugali au wali robo. Kwa mama huyu, anayepika chungu kimoja kwa nyumba nzima, mazungumzo hayo yafaa yamhusishe na mumewe au watoto wakubwa. Mama hawezi kula peke yake kama mgonjwa huku akipika kwa wengine kama mzima.

Mazoezi yake yawe ya njia anazopita. Kutembea kwa kasi dakika 30 kwa siku tano badala ya kupanda bodaboda hutimiza dakika 150. Ufuatiliaji ndio uliokuwa siri ya utafiti wa mwaka 2002, na Kimamba haina uhaba wa watu wanaokutana kila wiki. Kikundi cha VICOBA chenye mizani moja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kinaweza kutoa masomo ambayo kliniki yenye foleni haina muda nayo.

Sasa dawa iwekwe upande wa pili wa mizani. Kwa uwiano wa zaidi ya 30, tena akiwa na shinikizo la damu, mama huyu anastahili kitabibu kuifikiria. Maswali yanayobaki ni ya mahali. Je, gharama yake ikilipwa mfukoni kila mwezi itamudiwa kwa miaka, au itakula mtaji wa genge baada ya miezi minne? Je, kuna jokofu la uhakika, kwa kuwa sindano isiyofunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 bila kugandishwa? Je, yupo daktari wa kumpandishia dozi na kumwona anapotapika? Jibu likiwa hapana, kuanza ni kumwahidi kilo zitakazorudi. Kwake yeye, miezi sita ya dozi kamili ya mlo na mazoezi, pamoja na matibabu ya shinikizo la damu yasiyosubiri uzito upungue, ndiyo hatua ya kwanza.

Mizani hugeuka kwa mgonjwa mwingine. Mwenye uwiano wa 41, kisukari kisichotulia na moyo uliokwisha kupata mshtuko, aliyejitahidi kweli kwa mwaka mzima, asirudishwe nyumbani na ushauri uleule. Huyo aandikiwe rufaa kwa daktari bingwa ili dawa ijadiliwe. Mwezi Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili katika orodha yake ya dawa muhimu kwa watu wazima wenye kisukari aina ya pili pamoja na ugonjwa wa moyo au figo na kiribatumbo. Kadiri hataza zinavyokoma na watengenezaji wengine wanavyoingia, bei inatarajiwa kushuka, na swali la Kimamba litabidi lipimwe upya.

Dawa zisizopaswa kuwekwa kwenye mizani

Historia inaonya. Fenfluramini iliondolewa sokoni mwaka 1997 baada ya kuhusishwa na uharibifu wa vali za moyo. Sibutramini iliondolewa mwaka 2010 katika Ulaya na Marekani kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, lakini imeendelea kugunduliwa ikiwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kuwa za mitishamba. Chai za kukata tumbo na sanamaki huharisha. Kilo inayopungua ni maji na choo, wala si mafuta, na mwenye shinikizo la damu anayetumia vidonge vya kukojosha huweza kupoteza chumvi za mwili hadi moyo ukapiga ovyo. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia iliyogunduliwa katika nchi kadhaa. Dawa yoyote isiyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, au inayouzwa kwa ujumbe wa simu bila cheti cha daktari, isitumiwe. Mtoa huduma aulize kwa upole kila mgonjwa kama anatumia kitu cha namna hiyo. Wengi hawasemi wasipoulizwa.

Namna ya kuanza mazungumzo

Katika jamii nyingi za Tanzania unene umeonwa kuwa ishara ya kutunzwa, na kukonda kumebeba kumbukumbu nzito ya miaka ambayo Ukimwi haukuwa na dawa. Mwanamke anayepungua huweza kuulizwa sokoni kama anaumwa, au kama ndoa yake ina matatizo. Hofu hiyo ni sababu halisi ya watu kuacha tiba, na isipozungumzwa itafanya kazi kimyakimya. Mtoa huduma aombe ruhusa kwanza: «Mama, ungependa leo tuzungumze kuhusu uzito na shinikizo lako?» Akikubali, aulizwe watu watasema nini akipungua, na atawajibu nini.

Muhtasari

Kwa mgonjwa: kupungua kilo chache na kudumu nazo kuna faida kubwa kuliko kupungua nyingi na kuzirudisha. Kurudi kwa uzito si aibu. Ni sababu ya kurudi kliniki. Usinunue dawa ya kupunguza mwili kwa mtu asiyekupima.

Kwa mtoa huduma: pima urefu, uzito, kiuno, shinikizo na sukari. Uliza kazi ya mgonjwa kabla ya kumwagiza mazoezi. Toa mlo na mazoezi kama tiba yenye malengo, masomo na tarehe za kurudi, na uandike kwenye faili kama unavyoandika dawa. Fikiria dawa kwa mwenye uwiano wa 30 au zaidi ambaye hatari yake ni kubwa na dozi hiyo haikumtosheleza, baada ya kuhakikisha kwamba inaweza kuendelezwa.

Maswali ya kujadili kazini

1. Kati ya wagonjwa kumi wa mwisho walioambiwa kupunguza uzito kituoni, ni wangapi walipewa tarehe ya kurudi kupimwa?
2. Mkulima na muuza duka wana uwiano uleule wa 32. Ushauri wao utofautiane vipi wakati wa masika, na vipi baada ya mavuno?
3. Mgonjwa anapungua vizuri kwa sindano aliyotumiwa na ndugu yake aliye ughaibuni, nayo imebaki ya mwezi mmoja. Aambiwe nini leo?